Mfuko Wao, Ulimi Wetu

Mwaka 2025 vyama viwili vikubwa nchini vilitembeza bakuli. Chadema ilitangulia: mwishoni mwa Februari ilizindua Tone Tone, mchango uliomtaka mwenye elfu atume elfu yake. CCM ikafuata Agosti 12 kwa harambee ya usiku mmoja jijini Dar es Salaam. Ilikusudia shilingi bilioni 100, na kabla wageni hawajatawanyika ilikuwa na zaidi ya bilioni 86, taslimu na ahadi.

Kati ya bakuli hizo mbili yalipita mengi. Aprili 9 Mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu, alikamatwa Mbinga baada ya mkutano wa hadhara, akashtakiwa kwa uhaini na kwa kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni. Siku tatu baadaye ikatangazwa kwamba chama chake hakitashiriki uchaguzi wa Oktoba, kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Mei, Msajili wa Vyama vya Siasa akaisimamishia ruzuku. Juni 10, Mahakama Kuu ikaizuia kwa muda kufanya shughuli za siasa na kutumia mali zake. Bakuli la pili lilipotembezwa, mwenye bakuli la kwanza alikuwa amefungwa mikono na kufumbwa mdomo kwa pamoja.

Mambo haya nimeyaleta Ushongo, kijiji cha wavuvi na hoteli za ufukweni wilayani Pangani, kusini ya mto. Wanasheria wa mjini wameyachambua vya kutosha. Nilitaka yasemwe na watu ambao kampeni huwafikia ikiwa kanga, vumbi na kipaza sauti. Wasemaji wanne hawa nimewatunga mwenyewe. Kwa mada hii, kumtaja mtu wa kweli kwa jina si kumtendea wema.

Yupo Nahodha, mvuvi aliyezeeka, mwanachama wa CCM tangu chama kizaliwe mwaka 1977. Yupo Bi Mchuuzi, anayenunua samaki mnadani, akawakaanga na kuwauza hadi Pangani mjini. Kura yake haijui mtu. Yupo Wakili, mpwa wa Nahodha, mwenye ofisi Tanga mjini. Na yupo Kijana wa bodaboda, ambaye alituma elfu moja yake Tone Tone, kisha Oktoba akafunga bendera ya kijani kwenye pikipiki kwa sababu petroli ilikuwa ya bure.

BI MCHUUZI: Miye nianze, nisije nikasemwa nyuma. Kanga nilichukua, tena doti mbili, na haya sina. Wao wakishapita wanakwenda Dodoma wanalipwa miaka mitano. Miye malipo yangu ni kanga. Mnataka hiyo nayo niirudishe?

NAHODHA: Irudi kwa nani? Mtu kakukirimu.

WAKILI: Hilo hasa, mjomba, ndilo lililofika mahakamani. Mwaka 2000 Bunge liliingiza kwenye kifungu cha 119 cha Sheria ya Uchaguzi maneno kwamba ukarimu wa kawaida au wa kimila, ukifanywa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa ni rushwa. Nchi nzima ikaita takrima. Tukaenda nayo chaguzi mbili, 2000 na 2005. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake wawili wakafungua kesi, na Aprili 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakavifuta vifungu hivyo. Walisema vinawabagua wagombea: tajiri anao uwezo wa kukirimu, masikini hana. Tena sheria haikusema ukarimu wa kawaida unaishia wapi. Soda ni kawaida? Mbuzi? Ng'ombe?

NAHODHA: Majaji wa mjini hao. Mgeni akija kwangu nisimpe dafu?

WAKILI: Mpe. Ila kwenye kampeni mgeni ndiye anayekupa wewe dafu, nyumbani kwako. Mila hiyo umeisikia wapi?

BI MCHUUZI: (anacheka) Hapo kakupata, kaka.

NAHODHA: Hajanipata. Wewe mwanangu umekulia mjini. Hapa kijijini mtu mwenye nacho asipotoa, huyo ndiye anayetiliwa shaka. Mwezi wa Ramadhani akifuturisha, Maulidi akitoa mchele, timu ikipata jezi, msiba ukitokea akaleta sanda. Ukimwambia asitoe kwa kuwa mwakani anagombea, umemfundisha ubahili. Na asiyetoa chochote nimjue kwa lipi? Kwa maneno yake? Maneno wote wanayo.

Hoja hiyo ya Nahodha haikupata jibu zuri mahakamani, na sidhani kama inalo. Sheria huweza kupiga mstari siku kampeni inapoanza. Futari haina siku ya kuanza. Mgombea mjanja hufanya ukarimu wake miaka minne mfululizo, na mwaka wa tano anasimama jukwaani mikono mitupu, akiapa kwamba hajatoa hata pipi. Tena mbunge aliyepo ana njia isiyomgharimu hata senti: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya 2009, ni fedha ya umma, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge huyo huyo. Bati likiezekwa shuleni, wangapi wanajua limetoka Hazina?

KIJANA: Mimi niseme ya petroli. Msafara ukija tunapangwa mstari kituo cha mafuta, unajaziwa lita mbili tatu, unafunga bendera, unapiga honi mpaka mkutanoni. Hakuna aliyeniuliza natoka chama gani. Juu ya gari mtu anapiga picha, kesho inasemwa vijana wa Pangani wamejitokeza kwa maelfu. Nimejitokeza, ndiyo. Kwa tangi.

WAKILI: Hayo nayo yana sheria yake. Machi 17, 2010, Rais Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa karatasi ni sheria nzuri. Nawaambia kwa kuwa nimeisoma, wengi wanaisifu au kuilaani bila kuifungua. Kwanza inaanzia ndani ya chama, kwenye kura za maoni, kabla hata mgombea hajapatikana.

KIJANA: Kwa wajumbe.

WAKILI: Kwa wajumbe wanaozipiga, ndiyo.

KIJANA: Wajumbe si watu.

WAKILI: Mwaka 2020 nchi nzima iliimba hivyo kwa utani. Lakini ukitazama, mlango wote wa siasa zetu umewekwa pale. Mgombea binafsi hatuna. Mchungaji Mtikila alishinda Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akashinda tena Mahakama ya Afrika kule Arusha, Juni 2013; akafariki 2015, na uchaguzi wa 2025 ukaja bado bila mgombea binafsi. Ukitaka kugombea udiwani hapa, huna budi kupita chamani. Penye mlango mmoja, bawabu hupandisha bei.

NAHODHA: Endelea na sheria yako.

WAKILI: Pili, Waziri anaweka ukomo wa matumizi kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, akiangalia ukubwa wa jimbo, watu wake na miundombinu yake. Tatu, mchango wa mtu mmoja ukizidi shilingi milioni moja, au wa taasisi ukizidi milioni mbili, Msajili aelezwe. Nne, zawadi na ahadi za kumnunua mpiga kura ni marufuku.

BI MCHUUZI: Na anayeelezwa ni nani, umesema?

WAKILI: Msajili.

BI MCHUUZI: Siye hatuelezwi.

WAKILI: Kwenye ubao wa matangazo wa Ushongo haifiki, hapana.

BI MCHUUZI: Basi hiyo imeelezwa kwao wenyewe. Serikali ya kijiji kila miezi mitatu inatuita mkutano mkuu isome mapato na matumizi. Ikikosa tunapiga kelele. Ushuru wa samaki, hela ya mwekezaji, yote inasomwa. Uongo umo, lakini inasomwa, na mtu ananyoosha mkono anauliza. Hawa wa mabilioni hawana mkutano mkuu?

KIJANA: Tena Msajili mwenyewe anateuliwa na Rais, na Rais ndiye mwenyekiti wa CCM. Waziri anayeweka ukomo naye ni CCM. Refa, mshika kibendera na mwenye mpira, jezi moja.

NAHODHA: Na majaji je? Hawateuliwi na Rais? Dada yako Wakili hapa kawasifu sasa hivi kwa kufuta takrima. Mbona hao walifuta?

WAKILI: Kwa sababu jaji hafukuzwi kwa barua ya asubuhi. Lakini umesema kweli, mjomba. Tatizo si nani kateua peke yake. Ni nani anaweza kumuuliza aliyeteuliwa. Na mahakama zetu zimewahi kuuma. Mwaka 1994 kulikuwa na uchaguzi mdogo Kigoma Mjini. CCM ikatangazwa mshindi. Kabourou wa Chadema akapinga, kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na ushindi ukafutwa. Malalamiko yalikuwa mawili makubwa: Redio Tanzania kupendelea upande mmoja, na Serikali kuibuka na ahadi na matengenezo ya barabara katikati ya kampeni.

NAHODHA: Barabara ni rushwa?

WAKILI: Ikija siku hizo, kwa nia hiyo, mahakama ilisema inaweza kuwa.

NAHODHA: Hebu ngoja. Siye hapa tumevuka mto kwa pantoni miaka na miaka. Pantoni ikiharibika, mjamzito anasubiri upande huu. Sasa daraja la Pangani, ndoto ya wazee wetu, nalo ni rushwa kwa kuwa mgombea alilitaja jukwaani? Basi mgombea ataje nini? Atuahidi dua?

WAKILI: Daraja linalojengwa kwa bajeti iliyopitishwa na Bunge si rushwa.

NAHODHA: Lakini anayelitaja anasema ni lake.

BI MCHUUZI: Ndiyo hapo. Kanga yangu wanaita rushwa, daraja lao wanaita maendeleo, na vyote vinaombewa kura ile ile.

Mahali hapa ningetaka msomaji akae kidogo, maana Bi Mchuuzi amegusa jambo ambalo vitabu vya sheria hulizunguka. Katika sheria zetu, kadiri zawadi inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa rahisi kuikamata. Ofisa wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, anaweza kumnasa mtu mwenye bahasha kumi za elfu tano tano kwenye kura za maoni; bahasha zinashikika. Bilioni haitembei kwenye bahasha. Wazee watakumbuka EPA, akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu: ukaguzi wa kampuni ya Ernst & Young ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali na Benki Kuu kwa kampuni 22, na Januari 2008 Gavana akaondolewa. Ilidaiwa kwa sauti kubwa, bungeni na magazetini, kwamba sehemu ya fedha hizo iliingia kwenye kampeni ya 2005. Madai yakakanushwa, na hadi leo hayajathibitishwa mahakamani. Miaka miwili baada ya aibu hiyo ndipo sheria ya 2010 ikaja. Ilizaliwa na skandali ya mabilioni. Imekuja kujulikana vijijini kwa habari ya fulana na pilau.

KIJANA: Na kuna mali ambazo hazimo kwenye hesabu yoyote. Mkwakwani pale Tanga, Coastal Union ikicheza, kiwanja cha nani?

NAHODHA: Cha chama. Na kilijengwa na watu wa chama.

WAKILI: Wakati ule nani hakuwa mtu wa chama, mjomba? Chama kilikuwa kimoja. Mkwakwani, Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya, viwanja, majengo, mashamba. Wananchi wote walichangia, wakiwemo baba zao hawa wa upinzani. Julai 1, 1992 vyama vingi vikaanza, hati zikabaki kwa mmoja. Halafu tunapima wagombea kwa ukomo ule ule wa matumizi, mmoja anaanzia sifuri, mwenzake ana kodi za maduka yanayozunguka uwanja.

NAHODHA: Ndiyo maana ikawekwa ruzuku.

WAKILI: Ruzuku ipo, na sheria inaruhusu ifike asilimia 2 ya bajeti ya matumizi ya kawaida, baada ya kutoa deni la taifa. Nusu inagawanywa kwa idadi ya majimbo, nusu kwa kura za chama kilichofikisha asilimia 5. Sasa piga hesabu. Mwenye majimbo mengi anapata nyingi, anashinda mengi zaidi, anapata nyingi zaidi. Na asiyesaini karatasi ya maadili hana jimbo hata moja, miaka mitano.

KIJANA: Ndiyo maana mimi nikatoa elfu yangu. Si kwamba nilikuwa nayo.

NAHODHA: Mnapenda kusema Marekani, Marekani. Kule wao wanafanyaje?

WAKILI: Kule ni kinyume chetu. Mwaka ule ule wa 2010, Januari, Mahakama yao ya Juu katika kesi ya Citizens United ilisema kuzuia makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha zao wenyewe kunadi siasa ni kuzuia uhuru wa kusema. Kumpa mgombea mkononi kuna kikomo. Kutangaza kwa niaba yake, bila kupanga naye, hakuna. Miezi miwili baadaye sisi tukatunga sheria ya kuweka ukomo.

KIJANA: Kwa hiyo kwao hela ni mdomo.

WAKILI: Ndivyo wakosoaji wao wanavyolalamika.

KIJANA: Sisi afadhali basi?

WAKILI: Wao wameachia mfuko, na ulimi pia wameuachia: tajiri akinunua matangazo ya mamilioni, mtu yeyote anaweza kusimama akasema fulani kanunuliwa na fulani, na polisi hawamfuati. Majirani zetu Kenya walitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, na haikutumika 2017 wala 2022. Lakini magazeti yao yanaandika nani kampa nani helikopta. Sisi tumefunga mfuko kwa uzi, ulimi kwa kufuli.

NAHODHA: Hapo sasa ndipo ninapotaka kusema, na mnisikilize mpaka mwisho.

BI MCHUUZI: Sema, kaka.

NAHODHA: Miye nimeishi pwani hii, ng'ambo ni Unguja na Pemba. Januari 2001 siasa za Pemba zilipopasuka, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, kwenye vyombo kama hivi vyetu. Mtanzania mkimbizi! Tulikuwa hatujaliona hilo. Mwisho wa 2007 ikawa zamu ya Kenya yenyewe, na mpaka mtangazaji wa redio akapelekwa The Hague kwa maneno aliyoshtakiwa kuwa aliyasema. Kesi haikufika mwisho, najua, lakini waliokufa walikufa. Maneno yanaua. Nyinyi mliosoma mnayachukulia kama moshi. Serikali ikisema huyu kapita mpaka, anyamaze, miye sikurupuki kusema imeonea. Nauliza kwanza alisema nini. Daraja na barabara vinajengwa penye utulivu.

WAKILI: Shikamoo kwa hayo, mjomba, na sitayadharau. Lakini Pemba 2001 waliokufa walikuwa wanaandamana, na aliyekuwa na bunduki hakuwa wao. Na mwaka 2025 ulimi ulikuwa umefungwa kweli kweli: mtandao wa X ulizuiwa tangu Mei, jukwaa la JamiiForums likafungiwa siku 90 Septemba, Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Kama kufunga mdomo ndiko kunakozuia damu, Oktoba 29 ingekuwa siku ya utulivu kuliko zote katika historia yetu. Haikuwa. Watu waliuawa mitaani, mpaka Rais mwenyewe akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

(Kimya kidogo. Kijana anatazama simu yake, anaigeuza uso chini.)

WAKILI: Na nikurudishe mbali zaidi, mpaka kwenye chama chako. Mwaka 1955 Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa, New York. Nauli ilitoka wapi?

NAHODHA: Kwa watu. Walichangishana. Baba yangu aliisimulia hadithi hiyo mpaka anakufa.

WAKILI: Hiyo ni Tone Tone ya kwanza. Mwaka 1958 akaandika katika gazeti la TANU kuhusu mabwana shauri wa wilaya, Serikali ikamshtaki kwa kashfa. Akahukumiwa faini ya shilingi elfu tatu au miezi sita jela. Waingereza nao walisema ni kwa ajili ya utulivu.

NAHODHA: Mkoloni yule. Usilinganishe.

WAKILI: Silinganishi Serikali. Nalinganisha kifungu. Leo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inasema anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha, faini yake haipungui milioni tano, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Sasa tuseme huyu kijana aliona gari likigawa petroli zaidi ya ukomo. Akaandika kwenye mtandao: chama fulani kimetumia kiasi fulani Pangani. Akikosea hesabu kidogo, anaweza kuambiwa alijua ni uongo. Kwa hiyo haandiki. Na Msajili hana ofisi Ushongo. Hana macho hapa isipokuwa yetu. Sheria ya gharama inategemea mtu aone, aseme, mwingine achunguze. Ukimtisha wa kwanza, wengine wote wanalala. Ndiyo maana nasema hizi si sheria mbili. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu katikati ya 2016 hadi Januari 3, 2023, wakati sheria inadai taarifa tu kwa polisi, si kibali. Mahakama Kuu ilishavunja habari ya vibali tangu kesi ya Mtikila ya 1994. Miaka yote hiyo sita na zaidi, mpinzani angesimama wapi kuhoji fedha za mwenzake?

Hapa nakubaliana na Wakili, ingawa namuona anakwenda haraka. Anazungumza kana kwamba ulimi ukifunguliwa tu hesabu zitajisoma. Tumeshuhudia pia, katika nyakati za nafuu, ndimi zilizofunguliwa na kununuliwa papo hapo: mtu analipwa kusifu, mwingine kutukana, na msomaji hajui bahasha imetoka upande gani. Lakini afadhali ubishi wa namna hiyo. Mwongo aliyelipwa hujibiwa na mwongo mwingine, na katikati yao mtu wa kawaida huokota mawili matatu ya kweli. Kwenye kimya hakuna cha kuokota.

Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya Vyama vya Siasa: anayetaka kutoa elimu ya uraia kwa chama amjulishe Msajili siku 30 kabla, na Msajili apate nguvu za kudai taarifa kwenye vyama. Mahakama ya Afrika Mashariki, Machi 25, 2022, ikasema vifungu kadhaa vya marekebisho hayo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Nguvu hiyo ya kudai taarifa, peke yake, mimi singeichukia. Ningeitaka hata zaidi, ila taarifa ikishadaiwa isiishie kwenye kabati la ofisi.

BI MCHUUZI: Miye niwaambie ninavyotaka. Kanga sirudishi, na mwaka 2030 ikija naichukua. Lakini ibandikwe karatasi pale ofisi ya kijiji: chama hiki kimeleta Ushongo kanga kadhaa, petroli lita kadhaa, aliyetoa hela ni fulani. Na kile kingine kibandike yake. Basi. Kura nitaipiga nikishasoma.

NAHODHA: Karatasi sina ugomvi nayo. Chama changu hakina cha kuficha.

KIJANA: Kina bilioni 86.

NAHODHA: Zilichangwa hadharani, kwenye televisheni!

KIJANA: Jumla niliiona, babu. Hesabu ya ndani sikuiona.

WAKILI: Tena karatasi ikiwa na majina, wafadhili wa upinzani watakimbia. Mfanyabiashara wa Tanga anayempa Chadema laki tano leo hataki jina lake lisomwe kwenye mkutano mkuu. Kesho yake watu wa kodi wako dukani. Uwazi unamuumiza mnyonge kwanza, hilo nalo tulikubali. Ndiyo maana kiwango cha chini kinafaa kiwepo, elfu moja ya huyu isiandikwe popote.

BI MCHUUZI: Elfu iachwe. Za kuanzia milioni ndizo zisomwe. Na zisomwe kwa sauti, maana si wote tunaosoma.

KIJANA: Nani azisome?

BI MCHUUZI: Weye. Una sauti, mkutanoni ulikuwa unapiga honi bure.

KIJANA: Nikizisoma, jioni wakija kunichukua, nani atakuja kituoni kunidhamini?

NAHODHA: Miye nitakuja. Lakini uwe umesoma za vyama vyote.